Sahani ya Ndugu Yako
Somo: Warumi 14:1-15, Danieli 1:8-16



Jumapili moja baada ya ibada tulikuwa nje tukinywa chai. Dada mmoja akaomba chai ya rangi bila sukari, mandazi akarudisha. Mtu akamwambia kwa sauti, "Dada, unapunguza mwili? Kula bwana, chakula ni baraka!" Tukacheka. Nasema tukacheka, kwa sababu hata mimi pasta nilicheka.

Katikati ya wiki alinipigia simu. Hospitalini walikuwa wamempata na ugonjwa wa sukari, na hakuwa amemwambia mtu. "Pasta," akasema, "ibada nitakuja, lakini chai sitangoja tena."

Hilo neno lilinichoma.

Maana hapa kwetu kila mtu ana fundisho lake la chakula. Kuna aliyeacha ugali na chapati, sasa anaona kila anayekula ugali usiku hana nidhamu. Kuna anayesema kula chochote, bora umeshukuru. Kuna anayeacha kula ili apunguze kilo, halafu anauita mfungo. Na kila mmoja ana mstari wake.

Wengi hushika Danieli. Haya, tumsome vizuri. Yeye na wenzake walikula mboga na kunywa maji siku 10. Je, walitoka wembamba? La! Walionekana wamenawiri na kunenepa kuliko vijana waliokula chakula cha mfalme. Danieli hakuwa anatafuta kiuno. Alikataa kujitia unajisi. Tena hatusomi kwamba aliwahubiria wengine juu ya sahani zao. Aliomba ruhusa kwa heshima, akala chake.

Sasa njoo Warumi. Kulikuwa na wanaokula kila kitu, na wanaokula mboga tu. Wa kwanza walijaribiwa kudharau, wa pili kuhukumu. Paulo naye alikuwa na maoni, na hakuyaficha: mstari wa 14 anasema hakuna chakula kilicho najisi chenyewe. Lakini mstari wa 15 anaonya kwamba ukimhuzunisha ndugu kwa sababu ya chakula, umeacha njia ya upendo. Unaona, mpendwa? Unaweza kuwa sawa kuhusu chakula na bado ukamkosea ndugu yako.

Je, tusishauriane? Tushauriane! Ndugu anayetumia dawa za sukari akitaka kufunga, mwambie amwone daktari kwanza, kwa sababu dawa ikifanya kazi bila chakula, sukari inaweza kushuka hata azimie. Huo ni upendo. Lakini mwambie kando, si mbele ya birika la chai. Na uulize kabla ya kusema.

Wiki hii, usimwambie mtu "umenona" wala "umekonda, kuna shida?" Kama kuna uliyemcheka, mpigie simu. Mimi nilimwomba yule dada msamaha. Jumapili iliyofuata akina mama waliweka mabirika mawili, moja halina sukari. Hakuna aliyeuliza nani anakunywa ya wapi. Dada yetu alibaki mpaka vikombe vikaoshwa.

Tuombe: Baba, tusamehe kwa vicheko vilivyoumiza. Tufundishe kutunza miili yetu bila kumjeruhi mwenzetu. Katika jina la Yesu, amina.