Elisha Alikwenda Chemchemini

Somo: 2 Wafalme 2:19–22



Watu wa Yeriko walimwendea nabii Elisha na shida moja. Mji wao ulikuwa mzuri kuutazama, lakini maji yake yalikuwa mabaya na nchi haikuzaa. Elisha hakuwaambia wavumilie. Aliomba chombo kipya chenye chumvi, akatoka mpaka mahali maji yanapobubujika, akaitupa humo, naye Bwana akayaponya maji. Tulishike neno hilo: alikwenda chemchemini.

Ipo sumu iitwayo aseniki. Majini haina rangi, haina harufu, haina ladha. Hukaa ndani ya miamba, na mara nyingi ni jirani wa dhahabu. Jiwe likilala chini ya ardhi, sumu hulala nalo. Likipondwa na kuachwa mvuani, sumu huoshwa ikaingia mtoni. Sisi twatazama, twaona maji meupe. Anayeonja uchungu wake ni samaki, maana hana mahali pengine pa kukaa. Sumu humwingia kwa matamvua na kwa chakula chake. Ikiwa nyingi, matamvua hujaa ute, naye hukosa pumzi katikati ya maji. Ikiwa kidogo kidogo, hafi siku hiyo. Ini na figo huharibika, hukua kwa shida, na uzazi wake hupungua. Tena sumu hiyo hushikamana na tope, na tope likikosa hewa huiachilia tena majini, miaka mingi baada ya aliyeitupa kwenda zake.

Tuutazame mji wa Yellowknife, kaskazini ya Kanada, kando ya ziwa la Great Slave. Mwaka 1948 mgodi uitwao Giant ulianza kutoa dhahabu. Mawe yalichomwa katika tanuru, na moshi wa aseniki ukapanda juu, ukashuka juu ya theluji na maziwa. Wenyeji wa nchi ile, watu wa Dene, walikuwa wakiyeyusha theluji wapate maji ya kunywa. Mwaka 1951 mtoto wao mmoja akafa kwa sumu hiyo. Mgodi ulifungwa mwaka 2004. Dhahabu ilikwisha kwenda mbali, lakini zimebaki tani 237,000 za vumbi la aseniki chini ya ardhi, nazo zahitaji kulindwa vizazi na vizazi. Wakuu wa afya wa huko wamewaonya watu wasinywe maji wala wasivue samaki katika baadhi ya maziwa madogo ya karibu.

Wakristo wenzangu, angalieni mgawanyo huo. Mmoja alichukua dhahabu, mwingine akaachiwa deni. Nao waliolilipa ni wale wasio na sauti: samaki na mtoto mdogo. Katika Mwanzo 1 Mungu alimpa mwanadamu kuwatawala samaki wa bahari. Lakini mtawala awatiaye sumu walio chini yake si mtawala tena, ni mnyang'anyi.

Wala tusiseme hayo ni ya Kanada. Kwetu, kandokando ya Ziwa Victoria, katika nchi ya dhahabu, wataalamu wamepima maji ya visima wakakuta baadhi yana aseniki kupita kipimo cha Shirika la Afya Duniani, yaani mikrogramu 10 katika lita moja. Nyingine yatoka miambani yenyewe, bila mkono wa mtu. Basi tusimhukumu mtu kabla ya kupima, wala tusiogope kupima.

Tufanye nini? Kwanza, tujue kwamba kuchemsha maji hakuondoi aseniki. Maji hupungua, sumu hubaki. Wazee wa kanisa wanaochimba kisima cha mtaa wayapeleke maji maabara kabla ya kuwaita watu wachote. Pili, miongoni mwetu wamo wachimbaji wadogo na wenye makarasha. Ndugu zangu, marudio yasirundikwe ukingoni mwa kijito. Huko chini jirani yako anatega nyavu. Tatu, tusiwakimbie dagaa kwa hofu ya bure, maana aseniki haizidi kutoka samaki mdogo hata mkubwa kama ifanyavyo zebaki. Lakini samaki wakionekana wameelea wamekufa, wasiokotwe wala wasianikwe. Aitwe Bwana Samaki, na maji yapimwe.

Mwisho, moyo nao una chemchemi yake. Twaweza kuzoa samaki waliokufa kila juma, na kuombea wagonjwa kila Jumapili, tusiiguse tamaa iliyoko juu ya mto. Toba ya kweli hupanda mpaka huko, hata kama huko juu ndiko kwenye riziki yetu.

Ee Bwana, uliyeyaponya maji ya Yeriko, tupe ujasiri wa kwenda chemchemini, ili watoto wetu wanywe na samaki wako waishi. Amina.