Mwenzi wa Uzeeni: Ni Aibu au ni Haki?

Liko swali ambalo watu huliuliza kwa sauti ya chini, na mara nyingi aulizaye hajiulizii nafsi yake bali humwulizia mzazi wake. Baba amefiwa na mkewe akiwa na umri wa miaka 70, au mama amekaa ujane miaka 10. Watoto wamekwisha kuoa na kuolewa. Chakula kipo, dawa zipo, na mjukuu wa kumletea maji yupo. Kisha mzee yule anasema kwamba amepata mtu ambaye angependa kuishi naye. Nyumba nzima hunyamaza. Wengine hucheka, wengine huona haya kana kwamba mzee ameivunja heshima ya ukoo, na hakosekani mmoja ambaye papo hapo huanza kuhesabu minazi. Je, mzee huyo ametenda jambo la aibu, au anadai haki yake?

Ili tulipime swali hili sawasawa, yafaa tuangalie mahali ambapo wazee wengi wamekusanywa pamoja, mbali na macho ya watoto wao, tuone hutokea nini.

Huko Uingereza, katika Surrey, kipo kijiji kiitwacho Whiteley Village. Asili yake ni wasia wa William Whiteley, mwenye duka kubwa la London, aliyeuawa kwa risasi mwaka 1907. Tajiri huyo aliacha paundi milioni moja ili zijengwe nyumba za wazee wasio na uwezo, na wakazi wa kwanza waliingia mwaka 1917. Huko Marekani jambo la namna hii liligeuka kuwa biashara. Tarehe 1 Januari 1960 mjenzi mmoja, Del Webb, alifungua Sun City, karibu na mji wa Phoenix katika Arizona: nyumba za chini, uwanja wa gofu, maduka, na jumba la kukutania watu. Umati uliofika kutazama siku zile za kwanza uliwashangaza hata wajenzi wenyewe. Tangu hapo vijiji vya wastaafu vimeenea Marekani, Uingereza, Australia na New Zealand. Kanuni ya Sun City hutaka kila nyumba iwe na walau mtu mmoja aliyetimiza miaka 55, wala hakuna aliye chini ya miaka 19 anayeruhusiwa kuwa mkazi. Wajukuu huja kama wageni, kisha hurudi kwao.

Mimi sikisifu kijiji kisichosikika kilio cha mtoto. Mzee aliyenunua utulivu kwa kuwafungia wadogo mlango amenunua kitu cha ghali kuliko bei aliyolipa, na jamii inayowatenga wazee wake mahali pamoja, hata pawe pazuri namna gani, imejinyima hekima yao. Lakini haki hutulazimu kusema na upande wa pili. Watu huenda huko wakiwa wajane na wagane, wasiojua jina la jirani. Baada ya muda kidogo wana mtu wa kuogelea naye asubuhi, mtu wa kuchonga naye mbao katika karakana, mtu wa kugonga mlango anapoona mapazia hayajafunguliwa. Na baadhi yao hupata zaidi ya hapo: hupata mchumba. Hakuna wa kuwacheka, kwani kila aliye karibu nao ni rika lao.

Neno hili rika ndilo kiini cha jambo. Mwambao wetu ulilifahamu zamani. Wazee waliokaa barazani jioni, wakicheza bao na kunywa kahawa, hawakuwa wakipoteza wakati kama vijana walivyodhani. Walikuwa wakipeana kitu ambacho hakuna mtoto awezaye kukitoa. (Ingawa baraza ile ilikuwa zaidi ya wanaume, na bibi zetu walibaki kutafuta faraja yao uani na arusini.) Mtoto mwema aweza kumpa mamaye chakula, nguo na dawa, naye hupata thawabu kubwa kwa hayo. Lakini hawezi kukumbuka pamoja naye mambo yaliyotukia kabla yeye hajazaliwa. Hawezi kumwita kwa jina lile la utotoni. Humpenda kama mtu amkutaye kileleni, asiyeona njia aliyoipanda. Basi mtoto anayesema, "Mama hakosi kitu, sisi tupo," amesema kweli nusu.

Wataalamu nao wameliangalia jambo hili. Katika Chuo Kikuu cha Harvard ulianzishwa uchunguzi mwaka 1938 wa kufuatilia maisha ya wanaume tangu ujana wao, na ungali unaendelea kwa vizazi vyao. Mkurugenzi wake, Robert Waldinger, ameeleza kwamba walioridhika na uhusiano wao na watu walipokuwa na miaka 50 ndio waliokuwa na afya njema walipofika miaka 80, na kwamba dalili hiyo ilikuwa ya kutegemewa zaidi kuliko kipimo cha mafuta katika damu. Naye Laura Carstensen wa Chuo Kikuu cha Stanford ameonyesha jambo ambalo mimi naliona la ajabu. Mtu anapozeeka idadi ya rafiki zake hupungua, lakini si kwa sababu moyo umekauka. Anajua kwamba muda uliobaki si mwingi, kwa hiyo huacha wale wa kupitisha wakati na kuwashika wale walio karibu na moyo wake. Hata vijana waliougua maradhi ya kuwakaribisha na mauti walionekana kuchagua namna hiyo hiyo. Kwa hiyo mapenzi ya uzeeni si masalio ya mapenzi ya ujana. Kijana humpenda mtu na pia mambo mengi anayoyatarajia kwa mtu huyo: watoto, nyumba, cheo. Mzee hana mengi ya kutarajia. Ampendapo mtu, humpenda mtu mwenyewe.

Ikiwa ni hivyo, kwa nini wengi wao hawaoani bali hukaa kinyumba? Hapa pana lawama, nayo haiwaangukii wazee peke yao. Huko Marekani, kwa miaka mingi mjane aliyekuwa akipokea malipo kwa haki ya marehemu mumewe alipunguziwa au kukatiwa malipo hayo kama akiolewa tena, hata akiwa mzee. Tangu Januari 1979 ndipo aolewaye baada ya kutimiza miaka 60 akaachiwa malipo yake kamili. Uingereza nako, iko mifuko ya pensheni ambayo humnyima mjane haki yake akipata mume mwingine. Tazama basi jinsi sheria ilivyoweza kuifanya ndoa kuwa hasara na kukaa bila ndoa kuwa faida, kisha watu wakawashangaa wazee kwa kuchagua faida!

Na hofu ya watoto, je? Hii nayo si ya kudharauliwa. Katika Uingereza, kwa sheria ya wasia ya mwaka 1837, mtu akioa au kuolewa, wasia wake wa kwanza kwa kawaida hubatilika. Yametokea mambo ambayo mzee aliyeanza kupotewa na akili alioana na mtu mwenye hila, na watoto wakajikuta hawana kitu. Mtoto anayeuliza, "Huyu amemtaka baba au ameitaka nyumba?" hajafanya dhambi, maadamu anauliza kwa adabu na yuko tayari kulisikia jibu.

Nawe mtafuta ukweli, pengine ungependa kujua Islam imelipangaje jambo hili. Iliyataja mafungu waziwazi ili mapenzi yasigeuke kuwa vita. Mume akifa na ana watoto, hata wawe wa mke wa kwanza, mjane hupata fungu la nane. Mke akifa na ana watoto, mume hupata robo. Wasia hauwezi kupita theluthi, na mahari ni mali ya mke mwenyewe. Hivyo mtoto anajua tangu siku ya ndoa kwamba mwenzi mpya wa baba yake hawezi kumfuta, wala yeye hawezi kumfuta mwenzi huyo.

Kuhusu aibu, tazama habari ya Ummu Salama r.a. Mumewe alikufa kwa jeraha la vita akamwachia watoto. Eda yake ilipokwisha Mtume s.a.w. alimposa, naye akatoa udhuru tatu: kwamba umri wake umesonga mbele, kwamba ni mwenye wivu, na kwamba ana watoto. Hizi ndizo hofu zile zile zinazosemwa leo katika kila nyumba. Mtume s.a.w. hakuzicheka. Alimjibu kwamba yeye ana umri mkubwa zaidi, kwamba atamwombea kwa Mungu amwondolee wivu, na watoto aliwachukua kuwa jukumu lake. Kadhalika baada ya kufariki Bibi Khadija r.a., alipochinja mbuzi aliwapelekea nyama rafiki za marehemu. Penzi jipya halikulizima la kwanza, wala urafiki wa wanawake wale haukukatika kwa kuwa aliyewaunganisha amekwisha kuzikwa.

Lakini liko pingamizi zito kuliko haya yote, nalo si la watoto bali ni la wazee wenyewe. Husema: "Nimekwisha kumzika mmoja. Ya nini kumtafuta mwingine nimzike, au anizike, au aniuguze miaka mitano bila ya mimi kumtambua?" Hili halijibiwi kwa maneno matamu. Nitalijibu kwa habari iliyotokea mjini Phoenix, si mbali na ile Sun City.

Sandra Day O'Connor, mwanamke wa kwanza kuwa jaji wa Mahakama Kuu ya Marekani, aliolewa na John mwaka 1952. John alipopatwa na maradhi ya usahaulifu yaitwayo Alzheimer, mkewe aliacha kiti ambacho angeweza kukikalia maisha yake yote, akastaafu mwaka 2006 ili awe naye. Baadaye ilibidi awekwe katika nyumba ya kutunzia wagonjwa. Mwanzoni John alikuwa mtu wa majonzi. Kisha, mwaka 2007, mwana wao alieleza hadharani kwamba baba yake amempenda mgonjwa mwenzake mwanamke, nao hukaa pamoja wakishikana mikono. Na kwamba mama yake, akija kumtazama, huwakuta hivyo, naye hufurahi kwa kuwa mumewe ametulia na halalamiki tena.

Wako watakaochukizwa na habari hii. Kwa mgonjwa hakuna hukumu. Aliyepotewa na akili kalamu haimwandikii. Tumwangalie mke. Alikuwa na haki ya miaka 55 mkononi mwake, naye hakuidai, wala hakuacha kuja. Tena tazama kilichobaki katika mtu yule. Elimu yake ya sheria ilikwenda, na kumbukumbu ya mkewe ikaenda. Haja ya mkono wa kushika ilibaki. Anayesema kwamba haja hiyo ni tamaa ya ujana iliyochelewa kuondoka, na atueleze ilikuwaje hii ikadumu baada ya hayo yote kuondoka.

John alifariki Novemba 2009. Sandra aliishi hadi Desemba 2023. Mwaka 2018 aliwaandikia watu wa nchi yake barua, akawaarifu kwamba madaktari wamemwona na mwanzo wa usahaulifu, yumkini ule ule uliomchukua mumewe.