Nafasi Nyeupe

Nimepewa kazi ya kupanga kurasa za jarida la mahafali ya kidato cha nne, shule moja huku Geita. Ukurasa mzuri haufichi siri: picha zilingane ukubwa, nyuso zitazame ndani, majina yasomeke bila kukodoa macho, na nafasi nyeupe iachwe jicho lipumzike. Wangu ulitoka safi kabisa, safu zote zimejaa.

Halafu mwalimu wa darasa akaniletea daftari la mahudhurio la kidato cha kwanza, nihakiki majina. Hapo nikakwama. Majina mengi kuliko picha! Wavulana kadhaa wako machimboni Nyarugusu, wanashuka kwenye maduara. Mmoja kaolewa Kahama. Mwingine aliacha akiwa mjamzito. Sawa, tangu Novemba 2021 serikali inaruhusu waliojifungua warudi shule, ila ruhusa haikubebei mtoto wakati wa vipindi.

Je, hawa si wa darasa hili? Mkuu wa shule anasema jarida ni la wahitimu, basi. Na ana hoja: kumwandika aliyeacha kunaweza kumwaibisha upya. Lakini kumfuta ili safu zangu zipendeze, hiyo nayo tuiiteje?

Nikaona nimuulize mwenyewe. Nikampigia yule aliyeacha na mimba.

“Jina andika,” akasema. “Picha acha.”

Sasa yuko safu ya tatu, jina chini ya kisanduku cheupe. Safu imeharibika kidogo. Mkuu bado hajasaini.