Kasa wa New Orleans

Mwaka 2005 kimbunga Katrina kilipiga New Orleans, Marekani. Katika jumba la samaki la mji ule umeme ukakatika. Jenereta nayo ikazima. Pampu kimya. Maji kimya. Samaki kwa maelfu wakafa, maskini, kwa kukosa hewa majini.

Lakini kasa mmoja mkubwa, Midas, alibaki hai. Kasa hana matamvua; ana mapafu. Anapanda juu, anatoa pua, anavuta pumzi, anashuka. Anapanda, anavuta, anashuka. Giza lile lile, naye anapanda tu.

Msikilizaji wangu, leo kazi ikikuzidi, panda juu kidogo. Vuta pumzi. Kisha shuka, uendelee.