Dakika za Kusubiri ni za Nani?

PS4, mashine ya gemu ya Sony, ilipotoka mwaka 2013 ilikuwa na diski ya kuzunguka, mizunguko 5,400 kwa dakika. Mzunguko mmoja huchukua kama milisekunde 11, na kichwa cha kusomea hakina budi kungoja hadi sehemu inayotakiwa ipite chini yake. Kazi hiyo ikirudiwa maelfu ya mara, mchezaji hubaki akitazama kioo kabla mechi haijaanza. SSD, inayoweza kuwekwa badala ya diski hiyo, haina kinachozunguka. Data zake zimo kwenye chipu, na kuzifikia hakuchukui hata milisekunde moja. Sony wenyewe waliruhusu mwenye mashine abadilishe diski, na kazi hiyo huhitaji bisibisi, uangalifu, na kusakinisha upya programu ya mfumo kutoka kwenye USB. Lakini SSD haiongezi nguvu ya mashine. Picha hubaki zilezile, na fundi anayemwambia mteja kwamba PS4 yake sasa ni sawa na PS5 anamdanganya. Kinachopungua ni kusubiri. Basi thamani ya badiliko hili haitajulikana mpaka tujue kusubiri huko kuna ubaya gani, na kunamdhuru nani.

Wapo watakaosema hakuna ubaya wowote. Dini zetu zimeiweka subira katika fadhila kubwa, na kijana asiyevumilia dakika moja mbele ya kioo atavumiliaje ugonjwa au ukame? Hoja hii ina uzito, maana tabia hujengwa kwa mazoea. Hata hivyo, subira husifiwa kwa sababu ya kile inachokishikilia. Mkulima wa Ngara aliyepanda mgomba anangoja, na mgomba unakua. Diski inapotafuta data hakuna kinachokomaa, wala mchezaji hakuchagua kuvumilia, amezuiwa tu. Kumwondolea mtu kero isiyo na tunda si kumnyang'anya fadhila.

Jambo huwa zito zaidi mashine inapokuwa ya biashara. Kwenye vibanda vya gemu wateja hulipa kwa mechi au kwa muda, na tofauti hiyo ndiyo inayoamua nani anabeba kusubiri. Anayelipia mechi hapotezi fedha diski ikichelewa. Anayepoteza ni mwenye kibanda, kwa kuwa mechi za siku hupungua. Anayelipia muda ndiye anayeumia. Tuseme kuna kibanda cha kulipia muda huko Nyakisasa, wilayani Ngara, na mtoto amelipia saa nzima. Mashine ikimsubirisha dakika moja mara sita, amecheza dakika 54 na kulipia 60. Mambo ya Walawi, sura ya 19, inaamuru mizani ya haki. Sura ya 83 ya Kurani, Al-Mutaffifin, inawalaani wanaotaka kipimo kamili wanapopokea na kupunguza wanapotoa. Sioni kwa nini sheria hiyo iishie kwenye nafaka na mafuta. Muda ukishauzwa ni bidhaa, na bidhaa ina kipimo.

Mwenye kibanda ana la kujibu: mteja anaijua mashine, ameingia kwa hiari, na SSD ni gharama. Kuhusu hiari, ridhaa ya mtoto asiye na kibanda kingine cha karibu ni ridhaa dhaifu. Kuhusu gharama, namkubalia kabisa. Hakuna amri ya Mungu inayomlazimisha mtu kununua SSD, wala si haki kumhukumu maskini kwa uzee wa mashine yake. Anachodaiwa ni kipimo, na kipimo kinaweza kurekebishwa bila shilingi hata moja: aanze kuhesabu muda mechi inapoanza, au atoze kwa mechi. Akifanya hivyo, dakika zilizopotea zinakuwa zake, na hapo ndipo SSD inapoanza kumlipa yeye mwenyewe.

Umeme ukikatika ni shauri jingine. PS4 iliyozimika ghafla hukagua diski yake inapowashwa tena, na SSD hufupisha ukaguzi huo bila kuufuta. Hasara ya muda huo haikuletwa na mwenye kibanda wala mteja. Hata hivyo naona mteja arudishiwe muda wake, kwa kuwa alilipa kabla na fedha iko mkononi mwa mwingine; aliyekwisha kupokea ndiye anayepaswa kukamilisha.