Kipenda Roho na Bata wa Dimbwini

Siku hizi hapa mjini "kula bata" maana yake ni kustarehe. Kijana aliyepokea mshahara wa kwanza anakula bata. Aliyekwenda Coco Beach Jumapili na mchumba wake anakula bata, hata kama alichotafuna ni mihogo ya kukaanga. Kaka na dada zetu walisema fulani "anakula kuku kwa mrija", kwa hiyo starehe imehama kwa kuku ikaenda kwa bata. Lakini hebu msimamishe mmoja wa hao wala bata pale Mwananyamala au Tandika, umwulize: nyama ya bata ina ladha gani? Na bata mwitu je, anamzidi wa nyumbani au anazidiwa? Wengi watacheka tu. Neno tunalo, nyama yenyewe hatuijui.

Mimi nataka tulichukue swali hilo bila mzaha, maana ndani yake mna swali kubwa zaidi. Watu wawili wakila nyama ya chungu kimoja, mmoja akasema tamu na mwenzake akasema inanuka tope, je, yuko anayesema kweli? Au kila mtu na ulimi wake? Wahenga walinena kwamba kipenda roho hula nyama mbichi, na methali hiyo hutumika sana kijiweni kukata ubishi. Ikishatamkwa watu hunyamaza, mazungumzo yakahamia Simba na Yanga. Nitajaribu kuonyesha kwamba tunanyamaza mapema mno, na kwamba kunyamaza huko kunaweza kumdhuru mtu.

Tuanze na bata wenyewe. Yule tunayemwita bata wa kienyeji, mweusi na mweupe, mwenye nyama nyekundu usoni, anayejikokota nyuma ya nyumba zetu huko Mbagala na Tandale, si mwenyeji hata kidogo. Asili yake ni Amerika ya Kusini na ya Kati. Wenyeji hasa wa Afrika ni hawa tunaowaita mwitu, kana kwamba wao ndio waliotuvamia. Yuko yule mdogo mwenye uso mweupe na kisogo cheusi, apigaye mluzi wa sauti tatu akiruka usiku. Huyu hupenda mbegu na punje, na wakulima wa mpunga wanamjua vizuri kuliko wataalamu. Yuko yule mwenye kinundu juu ya mdomo, ambaye hutua mitini. Yuko mkubwa wa rangi ya udongo mwenye duara la kahawia jichoni, mla nyasi, ambaye Wamisri wa kale walimchora kwenye kuta za makaburi yao. Tena wapo wageni wanaokuja kwetu kukimbia baridi ya Ulaya na Asia, wakarudi kwao mvua za masika zikianza.

Nyama zao hazifanani. Bata wa nyumbani haruki sana, kwa hiyo ana mafuta zaidi na kifua chake ni laini. Bata mwitu anaruka mwendo mrefu. Kifua chake ni chekundu iliyoiva karibu ya maini, mafuta ni machache, na ladha yake ni nzito. Mla nyasi akizeeka ni mgumu, utachemsha mpaka mkaa uishe. Aliyeshiba mpunga huwa na utamu wa nafaka. Aliyezoea konokono na vidudu vya topeni ana shombo, na shombo hilo hukaa zaidi kwenye ngozi na mafuta, ndiyo maana wapishi wengine humchuna badala ya kumnyonyoa, kisha wakamlaza kwenye ndimu na tangawizi. Kwa hiyo ukiuliza bata yupi ni mtamu, usitaje aina peke yake. Uliza pia alikula nini, wapi.

Hilo sikulitoa kitabuni kwanza. Jioni moja Mbagala, kijana mmoja alileta kijiweni bata mwitu wawili wa kuchoma. Wote ni wa aina moja, wale wenye uso mweupe. Tulikuwa na mzee mmoja aliyezaliwa Rufiji, ambaye utotoni alilala kwenye dungu akiamia mpunga. Akaonja wa kwanza, akatikisa kichwa kuafiki. Akaonja wa pili, akatema.

"Huyu hakutoka kwetu," akasema.

"Babu, bata ni bata tu, kipenda roho hula nyama mbichi," akajibu kijana, nasi tukacheka.

"Mjukuu wangu, roho yangu haina neno. Nakuambia alipotoka huyu ndege. Wa kwanza kala mpunga. Wa pili kalala kwenye maji yanayonuka."

Kijana hakubisha zaidi. Alizungushazungusha kijiti cha moto, halafu akasema polepole kwamba wa pili alimnasa kwa tanzi kwenye mabwawa ya majitaka, upande wa Bonde la Msimbazi. Wa kwanza alikuja na basi la kusini.

Mwanafalsafa wa Uskochi, David Hume, katika insha yake ya mwaka 1757 juu ya kipimo cha ladha, alitumia kisa kinachofanana na hiki, alichokitoa katika hadithi ya Don Quixote. Jamaa wawili walipewa mvinyo wa pipa moja waonje. Wa kwanza akasema ni mzuri, ila una ladha kidogo ya ngozi. Wa pili akasema ni mzuri, ila una ladha ya chuma. Watu wakawacheka sana. Pipa lilipokauka, chini ukakutwa ufunguo mkongwe uliofungwa kamba ya ngozi. Hume alitaka kusema kwamba ladha si ndoto ya mtu peke yake, maana kuna kitu ndani ya pipa kinachoisababisha, na ulimi uliozoea kuonja hukigundua kabla ya macho. Mzee wetu wa Rufiji alikuwa mmoja wa jamaa hao. Tulimcheka, kumbe ufunguo ulikuwamo.

Wala jambo hili si la Mbagala peke yake. Marekani kuna bata mwitu anayeitwa canvasback. Karne ya 19 hoteli kubwa za Baltimore na New York zilimuuza kwa bei ya kutisha, kwa sababu bata wa Ghuba ya Chesapeake walinenepa kwa kula mizizi ya majani fulani ya majini, na nyama yao ikasifiwa kupita bata wote. Baadaye maji ya ghuba yalichafuka na majani yale yakapungua sana. Bata wakageukia kombe wa topeni. Ndege ni yuleyule, jina lilelile, lakini ile sifa iliyowafanya matajiri wafungue pochi ikaondoka. Mtu angeweza kula nyama ile akajua habari za maji bila kuyaona.

Basi hoja yangu ya kwanza ni hii: kupenda ni kwangu, lakini ladha inatoka mahali. Ukisema unapenda shombo la tope sitakubishia, hiyo ndiyo haki ya kipenda roho. Ukisema hakuna tope, hapo tutabishana, na mmoja wetu atakuwa amekosea.

Sasa tufike penye uzito. Ulimi ni shahidi mzuri, lakini ushahidi wake una mwisho. Msimbazi unatoka vilima vya Pugu, unapita Vingunguti penye machinjio na mabwawa ya majitaka, unashuka Jangwani, unamwagikia baharini penye Daraja la Selander. Njiani unabeba kila tulichokikataa majumbani na viwandani. Mwaka 1999 watafiti Bahemuka na Mubofu walichapisha vipimo vya mboga za majani zilizolimwa kandokando ya mito ya Sinza na Msimbazi. Walipima kadimi, shaba, zinki na risasi, na metali hizo zilikuwamo kwenye mboga zetu. Sasa nani kati yetu amewahi kula mchicha akasema una risasi? Tope lina harufu. Risasi haina. Huingia mwilini kimyakimya, na inayeanza kumharibu zaidi ni mtoto, katika ubongo wake unaokua.

Kiswahili chetu kimeita risasi ya bunduki na metali ile kwa jina moja, na kwa bata mambo hayo mawili yanakutana. Bata humeza vijiwe ili firigisi isage chakula. Penye wawindaji wengi, chembe za risasi huzama topeni, naye huzimeza akidhani ni changarawe. Ndiyo maana Marekani ilipiga marufuku risasi hizo kwa uwindaji wa ndege wa majini nchi nzima mwaka 1991, na Umoja wa Ulaya ukazikataza kwenye maeneo oevu kuanzia Februari 2023. Yuko pia yule bata mkubwa mweusi mwenye mwiba kwenye bawa, ambaye anapatikana hata kwetu. Imeandikwa kuhusu wale wa Gambia kwamba wakila wadudu fulani wa kuleta malengelenge, nyama yao hugeuka sumu. Mlaji anaweza kusifu mchuzi wenyewe unaomwua.

Basi, ikiwa ulimi unaishia hapo, nani anajua zaidi? Anayejua ni yule aliyetega tanzi, kwa kuwa alisimama penye maji akayanusa. Ujuzi alionao yeye mlaji hawezi kuupata kwa kuonja, hasa nyama ikishapitia ndimu, kitunguu swaumu na pilipili. Na hapa ndipo ladha inapogeuka kuwa maadili. Muuzaji anayepaza sauti "wa Rufiji hao!" huku akijua ndege wake ni wa dimbwini, hakudanganya juu ya utamu tu. Ameamua, kwa niaba ya mtoto asiyemjua, nini kiingie kwenye damu yake. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Lakini kibaya kisicho na harufu nacho chajiuza vilevile.

Najua nitajibiwa nini. Mtaani kwetu nitaambiwa: "Mshikaji, wewe umeshiba, ndiyo maana unafalsafu." Yule kijana ana mama mgonjwa, kodi ya chumba imefika, ajira hana. Akisema ukweli, bata wa pili hanunuliki. Hoja hii ni nzito na siwezi kuipuuza, kwa kuwa mimi mwenyewe nimemaliza kidato cha nne na najua mfuko mtupu ulivyo. Lakini tuitazame vizuri. Wanaonunua bata wa kijiti njia panda si wakubwa wa Oysterbay. Ni wapiga debe, mama ntilie, wanafunzi. Njaa yake inalipwa na miili ya wenye njaa wenzake. Umaskini unaweza kunifanya nimhurumie aliyedanganya, nikakataa kumtukana, nikamgawia changu. Hauwezi kuufanya uongo wake uwe chakula safi.

Tena lawama si yake peke yake. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori, Na. 5 ya mwaka 2009, inamtaka mwindaji awe na kibali. Ndege wa tanzi huuzwa gizani, na sisi wanunuzi tunalipenda giza hilo kwa sababu bei yake ni ndogo. Tunauliza swali moja tu: "Mtamu?" Ndugu zetu Waislamu huongeza la pili: "Amechinjwa?" Hilo ni swali zuri, maana linamtaka muuzaji aeleze jinsi uhai ulivyoondoka. Nadhani sote, wa dini zote, tunahitaji la tatu: "Ametoka maji gani?" Siku mnunuzi atakapouliza hivyo kwa dhati, muuzaji atapata sababu ya kusema kweli. Na siku wengi tutakapouliza hivyo kwa pamoja, swali litapanda kutoka kwa kijana wa tanzi likafika kwa waliouchafua mto, ambao hawajawahi kuitwa kijiweni kujieleza.

Vijana wenzangu tunaojifunza kuandika, jambo hili linatuhusu kwa karibu. Msomaji naye ni mlaji asiyeliona bwawa. Tukimwandikia maisha ya Manzese tuliyoyasikia redioni tu, tukayakoleza kwa viungo vya maneno, anaweza kusifu mchuzi na asijue amelishwa nini. Nyama ya ulimi ni tamu kuliko nyama zote, ndiyo maana inatakiwa iulizwe ilikotoka.

Kipenda roho na ale. Sina ugomvi na roho ya mtu. Ila kabla hajapeleka mkono kinywani, aliyetega tanzi amwambie kweli, na yeye awe na ujasiri wa kuuliza. Je, wewe msomaji, nyama uliyokula jana ilitoka maji gani?