Yuko Wapi Huyo Mtoto?

Somo: 2 Samweli 4:4 na 9:1-13



Mefiboshethi alikuwa na miaka mitano habari mbaya zilipofika kutoka vitani. Yaya wake akambeba, akakimbia; katika haraka ile mtoto akaanguka, akalemaa miguu yote miwili. Sisi tuliokimbia na watoto mgongoni tunaelewa mstari huo bila mwalimu. Tena tunajua kwamba wako watoto walioumia ndani: hawalali, wanakojoa kitandani, wanashtuka mlango ukigongwa.

Siku hizi watoto huulizwa maswali ili ijulikane nani yuko katika hatari ya kuugua akili baadaye. Wazazi wanatuuliza: je, tukubali?

Mwaka 1998 madaktari Vincent Felitti na Robert Anda pamoja na wenzao walitangaza utafiti wa California, Marekani, juu ya watu wazima zaidi ya 9,000. Waliuliza juu ya mateso ya utotoni nyumbani, kama kupigwa, kunajisiwa na kuishi na mlevi. Waliona kwamba mateso yalipokuwa ya namna nyingi, huzuni ya kudumu, ulevi na majaribio ya kujiua vilizidi. Januari 2020 jimbo hilo likaanza kuwalipa madaktari dola 29 kwa kumpima hivyo mgonjwa mwenye bima ya serikali, watoto wakiwamo. Mwaka huohuo Anda mwenyewe na wenzake wakaonya: hesabu ile hueleza hali ya watu wengi kwa jumla, haiwezi kusema mtoto huyu mmoja atakuwaje.

Sasa tumtazame Daudi. Aliuliza kama amebaki mtu wa nyumba ya Sauli ili amtendee wema. Siba akajibu kwamba yuko mwana wa Yonathani, na papo hapo akataja ulemavu wa miguu yake. Daudi hakuuliza amelemaa kiasi gani. Aliuliza yuko wapi. Akamtoa Lo-debari, akamrudishia mashamba ya babu yake, akamketisha mezani pake.

Tunajifunza mambo matatu:

1. Meza itangulie. Daudi aliuliza akiwa tayari kutenda wema. Hata Shirika la Afya Duniani, mwaka 1968, lilichapisha kanuni za Wilson na Jungner zinazotaka tiba na mahali pa kutibia viwepo kabla ya kupima watu. Basi mzazi, uliza kwa adabu: mkimwona mwanangu yuko hatarini, nani atamhudumia, wapi, na lini? Kufunua jeraha na kuliacha wazi si huruma.

2. Siri itunzwe. Habari za mtoto si mazungumzo ya bombani. Wala kanisani tusimtaje kwa jina katika maombi ya hadhara bila ridhaa ya wazazi wake, na yake mwenyewe kama ameshapata akili ya kuelewa.

3. Tusimwite mtoto kwa miguu yake. Kuwa hatarini si kuhukumiwa. Mtoto akiitwa kichaa au mwenye pepo kila siku, tunamwongezea mzigo juu ya ule aliotoka nao vitani.

Lakini ndugu, tusiwafiche watoto wetu kwa hofu. Kupima hatari ya kesho ni jambo moja. Mtoto anayeumwa leo ni jambo lingine. Mtoto akisema anataka kufa, asingoje ibada ya Jumapili. Apelekwe zahanati siku hiyohiyo, na asiachwe peke yake. Tutaomba pamoja naye njiani, kwa maana maombi na dawa havigombani.

Maandiko hayasemi kwamba miguu ya Mefiboshethi ilipona. Sura ya 9 inamalizika akiwa bado kilema, naye anakula mezani pa mfalme daima. Basi kila nyumba ijiulize wiki hii: kati ya watoto wa jirani zetu, nani yuko Lo-debari, na meza yetu ina nafasi?

Mungu awabariki. Amina.